Alama za Kimataifa na mawasiliano ya viziwi duniani: maswali ninayoulizwa Unguja na Pemba

Nimezaliwa Wete, nikamkuta kaka yangu kiziwi ameshanitangulia kuzaliwa. Kabla sijajua kusoma nilikuwa naweza kumwambia kwa mikono kwamba chakula kiko tayari na kwamba mama kakasirika. Leo ni mkalimani wa lugha ya alama na kazi zangu nyingi ziko Mjini, Unguja. Maswali haya nimeulizwa spitalini, bandarini, msikitini na harusini, na mengi yanarudi yale yale. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Kwanza kabisa

1. Je, viziwi wote duniani wana lugha moja ya alama?

Hapana. Shirikisho la Viziwi Duniani linataja lugha za alama zaidi ya 300 na viziwi wapatao milioni 70. Sisi tuna Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kifupi LAT. Wakenya wana yao, Waganda wana yao. Hakuna aliyezitunga ofisini. Zimeota pale viziwi walipokusanyika, hasa skulini, na ndiyo maana hata ndani ya nchi moja skuli hii na ile hutofautiana alama, kama vile lahaja za Kimakunduchi na Kimtang'ata zinavyotofautiana maneno.

Wala hazifuati lugha zinazosemwa kwa mdomo. Mwingereza na Mmarekani wanasikilizana kwa Kiingereza, lakini viziwi wao hawaelewani. Kiziwi wa Uingereza hutaja herufi kwa mikono miwili, irabu zikiguswa kwenye ncha za vidole; wa Marekani hutumia mkono mmoja. Lugha ya alama ya Marekani ina udugu na ya Ufaransa, kwa sababu Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Paris, alivuka bahari akashirikiana na Thomas Gallaudet kufungua skuli mjini Hartford mwaka 1817.

2. Kwa nini wasikubaliane lugha moja, yakaisha?

Wanaosikia nao wana maelfu ya lugha na hatuwaambii waziache. Lugha ya alama ina mizaha yake, mashairi yake na namna yake ya kumtania shemeji. Kiziwi wa Chake Chake akiambiwa aache LAT ashike ya ugenini, anaambiwa aache wazee na marafiki zake. Hata hivyo, jaribio la kuunda msamiati mmoja liliwahi kufanyika, na nimelieleza katika swali la 3.

3. Basi Alama za Kimataifa ni nini hasa?

Ni namna ya kuwasiliana inayozaliwa pale viziwi wa lugha tofauti wanapokutana. Hakuna mtoto anayekuzwa nayo nyumbani, na haina msamiati mpana uliotulia. Kila anayeitumia huingia na lugha yake ya kwao, kisha huilainisha ili mwenzake aifikie.

Katika miaka ya 1970 Shirikisho la Viziwi Duniani liliunda kamati ya kuchagua alama za pamoja, na mwaka 1975 kikatoka kitabu chenye alama zipatazo 1,500. Msamiati huo uliitwa Gestuno, kutokana na maneno ya Kitaliano yenye maana ya ishara na moja. Ulikuwa orodha ya maneno bila sarufi, na viziwi wengi waliouona mikutanoni hawakuuelewa. Kilichobaki hai ni kile ambacho viziwi wenyewe walikuwa wakikifanya tangu zamani kila walipokutana. Hicho ndicho kinachoitwa Alama za Kimataifa leo.

4. Zinafanyaje kazi kama hakuna kamusi ya pamoja?

Nitakueleza nilichokiona Forodhani. Kijana kiziwi wa Pemba alikuwa akimweleza mgeni kiziwi kutoka Japani habari za karafuu. Hawakuwa na alama ya pamoja ya karafuu. Kijana akasimamisha mti upande wake wa kulia, mkono ukiwa shina na vidole matawi. Akaupanda. Akachuma vishada, akatia pakachani, akashuka. Akahamia upande wa kushoto, akakaa kitako akachambua, makonyo huku, karafuu kule. Akatandika jamvi, akaanika, jua likampita juu ya kichwa mara kadhaa. Mwisho akaokota punje moja, akainusa, akaitia mdomoni, uso ukakunjamana kwa ukali wake. Mgeni akacheka, akatoa alama ya kwao, na kuanzia hapo wote wawili wakaitumia ile mpaka usiku ulipoisha.

Mti ulibaki kulia na jamvi likabaki kushoto, kwa hiyo baadaye kidole kikielekea kulia tu kilitosha kusema "kule shambani". Viziwi wa nchi nyingi hupanga mahali na watu hewani namna hiyo. Katika lugha nyingi za alama wakati uliopita uko nyuma ya bega na ujao uko mbele, na nyusi zikipanda swali linasubiri ndiyo au hapana. Misingi hii inashirikiwa kuliko msamiati. Kisha kuna kujadiliana: hujaelewa, nakupa njia nyingine, umeelewa, tunaitunza alama hiyo mpaka mazungumzo yaishe.

Inachosha, naomba lisisahaulike hilo. Neno moja la LAT linaweza kudai sentensi nne za Alama za Kimataifa.

5. Ina maana kiziwi yeyote wa hapa ataelewa kila kitu?

La. Aliyezoea kukutana na wageni huelewa mengi, na aliye mara yake ya kwanza huelewa machache. Hadithi, njia ya kwenda mahali, habari za familia na safari hupita vizuri. Mambo ya kisheria, vipimo vya dawa na mkataba wa ajira hayapiti salama. Ndiyo sababu nasema bila kusita: mahakamani na kwa daktari, kiziwi apewe mkalimani wa lugha anayoijua. Akiwa mgeni asiyejua LAT, tazama swali la 11.

## Mdomo, kalamu na majina

6. Si wasome midomo tu?

Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: mama, baba, papa. Midomo imefanya jambo lile lile mara tatu. Kiziwi akiona mdomo huo sokoni Darajani itambidi akisie kama unamuulizia mzazi wake au unamuuzia samaki. Midomo humsaidia anayejua tayari mazungumzo yanahusu nini, tena akiwa ameijua lugha hiyo kabla. Mgeni kutoka Brazili haoni chochote cha kumfaa kwenye mdomo wa Kiswahili.

7. Au waandikiane?

Kwa bei, tarehe na jina la hoteli, kalamu au simu inafaa sana. Zaidi ya hapo inategemea mtu. Kwa aliyezaliwa kiziwi, Kiswahili ni lugha ya pili aliyoipata kwa karatasi. Tazama neno "nimekupikia": mtendaji, wakati, mtendewa na tendo vyote vimo ndani ya neno moja. Mtoto anayesikia amelipata neno hilo jikoni kwa bibi kabla hajajua maana ya herufi. Kiziwi analichambua kama hesabu. Akikuandikia sentensi iliyopinda, usimwone mjinga. Anakuandikia kwa lugha ya pili, na wewe ya kwake huijui hata kidogo.

8. Niseme bubu au kiziwi?

Kiziwi. Wengi wao hulichukia neno "bubu", na wana haki: linasema mtu hana lugha, naye anayo. Chama chao wenyewe hapa kinaitwa Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA. Bara kuna Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.

## Unguja na Pemba

9. Mwanangu ni kiziwi, ana miaka mitatu. Nimfundishe Alama za Kimataifa ili dunia imfungukie?

Hili huulizwa na wazazi wanaowapenda watoto wao, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu. Usianze huko. Mpe kwanza lugha moja kamili, na kwa mtoto wa hapa lugha hiyo ni LAT, pamoja na alama wanazotumia viziwi wa mtaani kwenu.

Mtoto hujifunza lugha kwa kuiona ikitumika kila siku na watu wanaoijua, na miaka ya mwanzo ndiyo yenye rutuba. Alama za Kimataifa hazina wazee wa kumlea mtoto ndani yake, na hazina usiku wa kuzisimulia hadithi. Ni daraja, nalo linahitaji ukingo wa kusimamia. Wale viziwi ninaowaona wakizungumza kwa urahisi na Mjapani au Mfaransa ndio waliobobea katika lugha yao ya kwao. Yule kijana wa swali la 4 aliweza kuupanda mkarafuu hewani kwa sababu amekua akisimuliana na wenzake kwa LAT.

Kaka yangu alifika skuli akiwa na miaka tisa, akiwa na ishara zetu za nyumbani tu. Tulikuwa na alama ya kula, ya kulala, ya baba, ya ng'ombe. Hatukuwa na alama ya "kwa nini". Miaka tisa hakuwahi kuuliza kwa nini, na hakuna aliyemjibu. Nikikumbuka hilo hadi leo linaniuma. Kwa hiyo mpeleke mwanao kwa viziwi wakubwa mapema, uende na wewe, na ndugu zake, na bibi yake. Watafute kupitia chama chao. Vilevile mwalimu wa elimu mjumuisho katika skuli iliyo karibu anaweza kukuelekeza. Nyumba nzima ikijifunza, hata kama ni polepole, mtoto hatabaki akingoja lugha.

Ulimwengu utafuata. Siku atakayokutana na mgeni, atashangaa jinsi mikono yake inavyojua la kufanya.

10. Ninaongoza watalii, na kesho nina kundi la viziwi kwenye mashamba ya viungo Kizimbani. Nifanye nini?

Kwanza, tafuta kiziwi wa hapa mfuatane naye na umlipe kama unavyomlipa muongozaji mwingine yeyote. Kiziwi wa Zanzibar na kiziwi wa Italia watafika mbali kuliko wewe na karatasi yako.

Ukiwa peke yako, simama pale mwanga unapokuangukia usoni, jua lisiwe mgongoni kwako. Onyesha kwanza, eleza baadaye: macho hayawezi kutazama mdalasini na mikono yako kwa wakati mmoja. Kumwita mtu, punga mkono au mguse bega taratibu. Na hapa kuna jambo linalotutatiza sisi tuliolelewa Zanzibar. Kwetu kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu, na kumkazia macho ni ufidhuli. Katika lugha ya alama kidole ndicho "wewe", "yeye" na "pale", na kuondoa macho ni sawa na kumpa mtu mgongo akiwa anasema. Itakubidi uyasahau malezi yako kwa saa mbili.

Bei ziandike. Usidhani namba ni zile zile kwa kila mtu: Mmarekani kiziwi huonyesha 3 kwa kutumia dole gumba, na 6 kwa kugusisha gumba na kidole cha mwisho. Mchina akiinua gumba na kidole cha mwisho anasema 6. Ukikosa kalamu, hesabu vidole vya mikono miwili, kimoja kimoja.

11. Je, mkalimani wa LAT anaweza kufasiri Alama za Kimataifa?

Kujua LAT hakutoshi. Kwenye mikutano mikubwa ni kazi ya wachache waliosomea na kupimwa. Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha dunia cha wakalimani wa lugha za alama wana utaratibu wa kuwaidhinisha. Wengi wanaoifanya vizuri ni viziwi wenyewe. Mkalimani anayesikia hupokea hotuba, humpa mkalimani kiziwi kwa lugha yao ya nchi, naye huifikisha kwa Alama za Kimataifa.

Njia hiyo hiyo tunaweza kuitumia hapa kwa mgeni aliyeugua au aliyefikishwa polisi: mimi nasikia Kiswahili, nampa kiziwi wa hapa kwa LAT, yeye anamfikia mgeni. Ni polepole, na maelezo mazito yathibitishwe kwa maandishi au kwa simu ya video na mkalimani wa nchi ya mgeni. Hata hivyo ni bora kuliko kubahatisha.

12. Kuna sheria yoyote inayotulazimisha kuwapatia viziwi wakalimani?

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mkataba huo unazihesabu lugha za alama kuwa lugha kama zinazosemwa, na unataka wakalimani wapatikane katika huduma za umma. Zanzibar ina sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006. Nchi nyingine za Afrika zimekwenda mbali: Katiba ya Kenya ya 2010 imeitaja lugha yao ya alama miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, na Afrika Kusini mwaka 2023 iliifanya ya kwao kuwa lugha rasmi ya 12.

Kwetu kazi ipo bado. Kaka yangu aliwahi kuachwa na boti akiwa amekaa hatua chache kutoka langoni, kwa sababu mabadiliko yalitangazwa kwa kipaza sauti tu. Ubao wa kuandika kwa chaki ungemaliza shida.

## Mikutano na michezo

13. Haya mambo ya viziwi kukutana yalianza lini?

Zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1834 viziwi wa Paris, akiwemo mwalimu Ferdinand Berthier, walianza karamu za kila mwaka za kumkumbuka Abbé de l'Épée, padri aliyefungua skuli ya viziwi mjini humo katika karne ya 18. Viziwi wa nchi nyingine nao walialikwa, wakazungumza kwa mikono.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1880 mkutano wa walimu mjini Milano, karibu wote wakiwa wanaosikia, uliamua viziwi wafundishwe kwa mdomo. Alama zikafukuzwa madarasani nchi nyingi, na watoto wakapigwa mikono kwa kuzitumia. Ilikuwa mwaka 2010, kule Vancouver, ndipo mkutano wa aina hiyo hiyo ulipoyakataa maamuzi ya Milano. Miaka 130.

Shirikisho la Viziwi Duniani liliundwa Roma tarehe 23 Septemba 1951, na kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa uliichagua 23 Septemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, iliyoadhimishwa mara ya kwanza 2018. Mkutano mkuu wa shirikisho ulifika Afrika mara ya kwanza mwaka 2011, mjini Durban.

14. Michezo ya viziwi ni sehemu ya Paralimpiki?

Ni mashindano mbali, yanaitwa Deaflympics, tena yalitangulia: ya kwanza yalifanyika Paris mwaka 1924 kwa nchi 9. Ya 2025 yalikuwa Tokyo. Mkimbiaji haanzi kwa mlio wa bastola, anaanza kwa taa. Anayeshiriki lazima awe na upotevu wa kusikia usiopungua desibeli 55 kwenye sikio lililo bora, na vifaa vya kusaidia kusikia huvuliwa wakati wa kushindana. Ukitaka kuona Alama za Kimataifa zikitumika bila mkalimani hata mmoja, kaa kwenye chumba cha chakula cha wanamichezo hao.

## Maswali ya pembeni

15. Nimeona glovu inayogeuza alama kuwa sauti. Tatizo si limekwisha?

Glovu haioni uso, na nusu ya sarufi iko usoni (rejea nyusi za swali la 4). Tena inamsaidia anayesikia amwelewe kiziwi. Haimsaidii kiziwi kuelewa unachomjibu. Simu ya video imewasaidia viziwi mara elfu zaidi.

16. Mkono wenye gumba, kidole cha shahada na kidole cha mwisho vikiwa juu ni wa kimataifa?

Umetoka Marekani: umeunganisha herufi tatu za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nakupenda". Sasa viziwi wa nchi nyingi huutumia kuagana na kupigia picha.

17. Kiziwi wa hapa akienda Hija, ataifuataje hotuba?

Katika Msikiti Mkuu wa Makka hotuba ya Ijumaa hufasiriwa kwa lugha ya alama, lakini ni alama za huko. Hujaji wetu atapata sehemu tu. Kinachomfaa zaidi ni kufundishwa manasiki yote kwa LAT kabla hajaondoka: wapi anahirimia, mizunguko mingapi, nini kinafanywa Arafa. Ninamwomba kila msimamizi wa kikundi cha mahujaji alifikirie hili mapema, na namba ya hema na ya basi ampe kwa maandishi.

18. Na kiziwi asiyeona?

Huweka mikono yake juu ya mikono ya anayezungumza naye na kuzisoma alama kwa kugusa. Kuzungumza hivyo na mgeni kunawezekana vilevile, ila taratibu zaidi, kwa sababu uso haupo tena na kila nyusi lazima ipate badala yake mkononi.

19. Zanzibar ina alama yake ya kimataifa?

Kanuni iliyokubalika na viziwi wengi ni kuiita nchi kwa alama ya wenyeji wake, kwa hiyo ya Zanzibar ni ile wanayoitumia viziwi wa hapa. Zamani mataifa yaliitwa kwa dhihaka za sura au mavazi yao. Viziwi wengi wameziacha hizo na kushika jina linalotolewa na wenyewe. Mtu naye ni hivyo hivyo: jina lake la alama hupewa na viziwi wenzake, kwa kovu, tabia au kitu anachopenda, na halibadiliki akivuka mpaka. La kwangu nilipewa na kaka yangu, nikiwa na miaka minne: vidole viwili vikigonga shavu, kwa ajili ya kishimo kinachoonekana nikicheka.